Mtu Niliyemchagulia Mama

Kuna Jumatano moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka mikono yangu hupoa. Sikuwepo nyumbani siku hiyo. Nilikuwa shuleni, nimeshika chaki, nina furaha zangu, wala sikuhisi lolote. Watu husema damu huitana, kwamba mzazi akipatwa na jambo mtoto hushtuka hata akiwa mbali. Mimi sikushtuka. Saa saba nilikula maharagwe ya shule, nikacheka na walimu wenzangu, na saa ile ile mama yangu alikuwa sakafuni.

Nitakueleza yote, lakini uniruhusu niende polepole. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu akikatizwa huanza somo upya.

Wakati huo nilikuwa sijafika arobaini. Tuliishi Manyatta, hapa Kisumu, mimi na mume wangu, Baba Akinyi, na watoto wetu watatu, katika ploti ya vyumba kumi vilivyotazamana. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kibanda chake cha kazi kilikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani. Mimi nilifundisha Kiswahili darasa la sita na la saba. Na niseme ukweli, nilikuwa mwalimu wa kuogopwa. Viatu vyangu vikisikika kwenye varanda, darasa zima lilinyamaza, nami nilijivunia jambo hilo. Nilidhani kimya ni nidhamu.

Mama yangu aliishi kijijini upande wa Bondo, karibu na ziwa, akilima mtama wake na kugombana na kuku wa jirani. Mwaka ule akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikafa, na ulimi nao ukafunga. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini maneno hayakutoka. Ilitoka sauti tu, na macho yakafanya kazi iliyobaki. Ndugu yangu wa pekee alikuwa Nairobi, yeye na familia yake yote katika chumba kimoja. Kwa hiyo nikamleta Mama Kisumu, awe karibu na hospitali.

Hapo mila ikabisha hodi. Kwetu, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta cha kutazama pembeni. Huitana maro, na neno hilo hutamkwa kwa adabu. Vijana wa siku hizi mnacheka, najua. Lakini Mama alikuwa mtu wa mila, na kumlaza nyumbani kwangu kungekuwa kumuua kwa aibu kabla ugonjwa haujamuua. Tukamkodishia chumba katika ploti ile ile, milango mitatu kutoka kwetu. Mila ikaridhika. Ila nikabaki na swali lililoninyima usingizi: mimi nikiwa shule, na Baba Akinyi akiwa haruhusiwi kuvuka kizingiti kile, nani atakuwa ndani na Mama?

Hofu ilinishika, mwanangu, hofu ya kweli. Katika chumba cha walimu kila mtu alikuwa na hadithi. Huyu alisimulia habari za bibi aliyefungiwa ndani tangu asubuhi, yule za mzee aliyepewa dawa za usingizi ili asisumbue. Mtoto mdogo akipigwa atakuambia jioni. Mama yangu hangeweza kuniambia. Ningemwacha na mtu asubuhi, nimkute jioni, na yaliyopita katikati yangebaki kati ya mtu huyo na Mungu. Nilianza kuwatazama wanawake barabarani na kujiuliza, je, huyu angempiga?

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa Awasi, mjane wa miaka hamsini hivi, aliyeitwa Mama Pamela. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwake. Alikuwa amemuuguza mumewe nyumbani miaka sita mpaka mwisho wake. Alifika Jumamosi asubuhi na mfuko wake mdogo, nikamkaribisha, na badala ya kunisalimu mimi akapita moja kwa moja hadi kitandani kwa Mama. Akakaa upande ule wenye uhai, akamshika mkono wa kushoto, akamsalimu kwa Dholuo, lugha yetu, kisha akangoja jibu. Alingoja kabisa, mwanangu, kama mtu anayejua litakuja. Mama akatoa sauti yake ile. "Eh, nimesikia," Mama Pamela akasema.

Ndipo akanigeukia, na maswali yakaanza. Anameza vipi? Akikataa kitu huonyesha kwa ishara gani? Kitanda hiki nani alikiinua juu hivi? Jumapili nikienda kupumzika nani atashika zamu? Mimi niliyekuwa nimejiandaa kumhoji nikajikuta nimesimama kama mwanafunzi aliyekosa kazi ya nyumbani. Halafu akauliza swali lililoniudhi kuliko yote.

"Na nikikosea, Mwalimu, utanifanya nini?"

"Kukosea vipi?"

"Kukosea tu. Huyu ni mtu mzima, ako na uzito. Siku moja mkono utateleza. Hata mzee wangu nilimwangusha mara mbili, na nilikuwa nampenda. Sasa siku hiyo nikikupigia simu, we utanifanya nini?"

Katika maneno yale yote, masikio yangu yalishika moja tu: nilimwangusha mara mbili. Mtu amekiri kwa kinywa chake mwenyewe! Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba mimi sitafuti mtu wa kumwangusha mama yangu.

Hakukasirika. Alichukua mfuko wake. "Sawa, Mwalimu. Lakini mtu hawezi kosea, huyo hutapata. Utapata tu yule hatakuambia."

Akamuaga Mama kwa kumshika mkono tena, akaenda zake. Jioni nikamweleza Baba Akinyi kiburi cha mwanamke yule. Akasema polepole, "Lakini kile alisema ni ukweli." Nikamuuliza ukweli gani, naye akainamia sahani yake. Nyumbani pia nilijua kunyamazisha watu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Wiki iliyofuata, mama mmoja wa kanisani akaniletea Lilian. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mwimbaji wa kwaya, mpole, macho chini, sauti ya chini. Mtoto wake alikuwa amemwacha kijijini na nyanya yake, na kazi hii aliihitaji sana. Kila nililosema alijibu, "Sawa, Mwalimu." Nikamuuliza kama amewahi kumwangusha mgonjwa. "Hapana, Mwalimu. Hata siku moja." Bila shaka. Alikuwa hajawahi kumtunza mgonjwa, ila hilo sikuliuliza.

Nilimpenda papo hapo. Unajua nilichofanya? Nilichukua karatasi ya manila, ile tunayotumia darasani, nikaandika sheria kwa kalamu nyekundu. Saa ya kuoga, saa ya uji, saa ya kumgeuza, marufuku wageni, marufuku kulala mchana. Ya mwisho niliipigia mstari mara mbili: MAMA AKIANGUKA UTANIJUA MIMI NI NANI. Nikaibandika nyuma ya mlango, nikamwambia asome kwa sauti. Alisoma. Alipofika kwenye ile ya mwisho sauti yake ikatetemeka, nami moyoni nikafurahi. Nikajiambia, huyu ana heshima, huyu hatathubutu.

Mwezi wa kwanza ukawa wa kujisifu. Chumba kiling'aa. Mama alikuwa safi, amepakwa mafuta, nywele zimesukwa. Nikirudi jioni nilimuuliza Lilian, "Mama ameshindaje?" naye akajibu, "Vizuri, Mwalimu." Jumatatu vizuri, Jumanne vizuri, wiki nzima vizuri. Sikujiuliza ni mgonjwa gani huyo asiyekuwa na siku mbaya hata moja. Mimi niliyewajua watoto wa shule na hila zao zote, niliyejua kwamba darasa likikaa kimya mno kuna dirisha limevunjwa, sikujiuliza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na methali hiyo nilikuwa nimeiandika ubaoni kila mwaka.

Basi Jumatano ile Baba Akinyi alikuja nyumbani kula chakula cha mchana. Alikuwa ananawa mikono uani aliposikia kishindo kutoka chumba cha Mama. Alikwenda mbio mpaka mlangoni, akasimama. Mlango ulikuwa wazi na pazia limeshuka. Ilikuwa saa ya kuoga, na nyuma ya pazia lile alikuwa maro wake. Mwanamume wa kwetu haingii hapo. Akakohoa ili ajulikane yupo.

"Lilian, kuko salama?"

 Kisha sauti ya Lilian: "Kuko salama, Baba. Ni beseni imeanguka."

Alibaki amesimama pale. Aliniambia baadaye kwamba alisikia pumzi, pumzi ya mtu anayejaribu kulia bila nguvu za kulia. Mkono wake uligusa pazia. Akaurudisha. Akajiambia labda ni masikio yake yaliyozoea kelele za vyuma, akarudi kazini bila kula. Mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze pema, na wema wake wenyewe ndio uliomzuia mlangoni.

Mimi nilirudi saa kumi na moja. Mama alikuwa kitandani, amefunikwa mpaka kifuani. Lilian akasema, "Amechoka leo, Mwalimu. Nimemlaza mapema." Macho ya Mama yalikuwa wazi, yamenikazia, na machozi yakateremka mpaka masikioni. Nikampangusa. Nikadhani anakumbuka nyumbani kwake, nikaketi nikamwimbia wimbo wa kanisani. Ee Mungu wangu, nilimwimbia! Mfupa umevunjika chini ya blanketi na mimi naimba.

Alhamisi alikataa uji. Lilian akasema labda ni malaria. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani amekesha na mgonjwa, hata nikamshukuru. Nikampa Mama dawa ya maumivu, nikainama kumuaga ili niwahi shule. Hapo Mama akanishika. Mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, ulikamata gauni langu hapa kiunoni na kulivuta. Sikujua kama bado ana nguvu hizo. Nilimwambia, "Mama, nitachelewa." Hakuachia. Nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja, nikaviweka juu ya blanketi, nikaenda. Kengele ya shule ilikuwa inanisubiri. Miaka imepita, mwanangu, na bado navihisi vidole vile vikishindana na vyangu.

Ijumaa alfajiri, kabla sijavaa, Baba Akinyi aliketi ukingoni mwa kitanda chetu na kuniambia bila kunitazama, "Mama Akinyi, sijalala siku mbili. Ile Jumatano nilisikia kitu kimeanguka kwa maro. Lilian alisema ni beseni. Lakini beseni gani inalia kama mtu?"

 Nilitoka miguu mitupu, nikapita milango mitatu, nikaingia na kulivuta blanketi. Mguu wa Mama ulikuwa umegeukia nje, namna ambayo mguu haugeuki. Paja lilikuwa limevimba na kuiva rangi ya zambarau.  Kwa muda pale ndani tulikuwa wanawake watatu na hakuna aliyekuwa na sauti.

Lilian alikuwa ameshajikunja pembeni, karibu na ndoo. "Mwalimu, maji ilikuwa imemwagika. Tuliteleza na yeye. Nilimvuta na leso mpaka nikamrudisha kwa kitanda." Akaanza kulia. "Nilitaka kupiga simu. Nilishika simu mara tatu, Mwalimu. Kila nikishika naangalia ile karatasi."

"Siku mbili, Lilian! Siku mbili unamtazama mama yangu!"

"Nilikuogopa," akasema. "Nilikuogopa kuliko Mungu."

Mkono wangu ulipanda juu. Ningempiga, sikufichi. Sauti ya Baba Akinyi ikaja kutoka nje ya pazia: "Mama Akinyi! Mgonjwa kwanza." Mkono ukashuka wenyewe.

Mgonjwa kwanza, ndiyo, lakini atatokaje? Teksi haikuweza kuingia ndani ya vichochoro vile, ilibidi afikishwe barabarani. Wanaume wa ploti walikuwa wameshatoka kwenda vibaruani. Mimi na majirani wawili wanawake tulijaribu kumwinua kwa shuka, Mama akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena hapa duniani. Tukamwacha. Nikatazama pazia. Nyuma yake alikuwa mtu anayeinua vyuma kila siku ya Mungu.

"Baba Akinyi, ingia."

"Huyo ni maro wangu."

"Najua ni nani. Ingia umbebe, la sivyo atafia hapa."

Pazia likasogea. Alivua kofia, akaingia ameinamisha uso, akipita kando ya ukuta kana kwamba chumba kile kilikuwa na shimo katikati. Alifika kitandani akapiga magoti. "Mos, maro," akasema, nisamehe, pole. "Mos, mos." Akapitisha mikono yake chini ya Mama, polepole sana, akainuka naye. Miaka kumi na mmoja watu wale wawili walikuwa hawajawahi kushikana hata mkono wa salamu. Na Mama, ambaye kwa mila alipaswa kugeuza uso, aliuinua mkono wake wa kushoto akamshika mkwewe shingoni. Hivyo ndivyo walivyotoka, mpaka barabarani, watu wakipisha njia.

Hospitalini daktari aliuliza ameanguka lini. Nikasema Jumatano. Akasema, "Leo ni Ijumaa," kisha akaandika. Ilikuwa nyonga. Mapafu nayo yalikuwa yameanza kujaa kwa kulala chali bila kugeuzwa, maana Lilian aliogopa kumgusa. Siku nne hatukujua kama ataishi. Nilikaa kwenye benchi la ukutani nikiwa na hofu isiyofanana na ile ya kwanza. Ile ya kwanza nilimhofia mtu baki. Hii nilijihofia mimi.

Aliishi. Walimwekea chuma nyongani, na Baba Akinyi, kwa kuwa fundi ni fundi, akauliza ni chuma cha namna gani. Baadaye baba yake mkubwa alimwita na kumuuliza kama ni kweli alimbeba maro wake mikononi. Akajibu ni kweli. Sote tukangoja lawama. Mzee akauliza, "Alikuwa mzito?" Baba Akinyi akajibu, "Hapana, baba. Alikuwa mwepesi sana." Mzee akatikisa kichwa, na mambo yakaishia hapo.

Lilian niliporudi sikumkuta. Sisemi hakuwa na kosa. Mtu aliyemwona mgonjwa akiumia siku mbili akanyamaza amekosa, na ningemwona leo bado ningekuwa na hasira kidogo. Lakini pia ningemwomba msamaha, kwa sababu nilimpa kazi asiyoijua, nikamwacha peke yake nayo kutwa nzima, na juu yake nikambandikia tishio nyuma ya mlango.

Jumapili iliyofuata nilipanda gari hadi Awasi. Nilimkuta Mama Pamela uani kwake akianika mahindi. Nilisimama pale nikamweleza yote, hata vidole, hata mkono uliopanda kumpiga Lilian. Hakunikatiza. Aliendelea kutandaza mahindi yake mpaka nilipomaliza, ndipo akanyoosha mgongo.

"Mwalimu, wewe ulitafuta mtu wa kukuogopa, na ukapata. Sasa sikia. Mtu akikuogopa, atachunga uso wako. Mgonjwa hatamchunga."

Nililia mbele ya mahindi ya watu. Yeye akangoja, kama alivyongoja jibu la Mama siku ile. Kisha akaniuliza tena swali lake, neno kwa neno: nikikosea, utanifanya nini?

 Nikasema, "Utanipigia saa hiyo hiyo. Nitakushukuru kwanza, halafu tutamtibu Mama."

"Na hasira?"

"Hasira nitakuwa nayo. Siwezi kukudanganya."

"Hiyo ni sawa. Hasira huisha," akasema. "Ngoja nivae viatu."

Usidhani hofu iliisha hapo. Wiki ya pili simu ililia nikiwa darasani. "Mwalimu, Mama amepaliwa na uji. Amekohoa, sasa anapumua vizuri, lakini ukitoka saa saba uje umwangalie." Nikashika meza, watoto wote wananitazama. Nikasema, "Asante, Mama Pamela." Neno hilo lilitoka kwa shida. Simu kama hizo zilikuja nyingi. Leo amekataa kula, leo ana kidonda mgongoni ukubwa wa kunde, leo mimi mwenyewe nimechoka, nimemjibu vibaya, njoo mapema. Jioni zangu hazikuwa tena za "vizuri". Zilikuwa za kweli, na za kweli zilinitisha, lakini nililala.

Mama alikaa nasi miaka miwili zaidi. Alifia nyumbani kwake, upande wa Bondo, mimi nikiwa nimemshika mkono na Mama Pamela amemshika miguu. Nililia sana. Ila sikuwa na swali la kumuuliza mtu yeyote.

Sasa nisikilize vizuri, maana zamu imenifikia. Baba Akinyi aliniacha mwaka juzi. Magoti yamekataa, macho yamefifia, na mwezi uliopita nilikaa sakafuni jikoni muda mrefu kabla mtu hajaja. Juzi watoto wangu waliketi sebuleni wakijadili mtu wa kukaa na mimi. Walifikiri masikio yangu nayo yamestaafu. Akinyi, yule mkubwa, alikuwa kwenye simu na mtu huyo, na nikamsikia akisema, kwa sauti ambayo ningeijua popote kwa kuwa ni yangu mwenyewe, "Akianguka hata mara moja, mimi na wewe hatutaelewana."  Siogopi kuanguka. Mwili wa mzee ni wa kuanguka. Naogopa kuanguka halafu niambiwe pale nilipolala kwamba tunyamaze, tusimwambie Akinyi.

Kwa hiyo nimemwita, nimemketisha, na niliyomwambia yeye ndiyo nakuambia wewe. Ukimtafutia mzazi wako mtu, usitafute asiyewahi kukosa. Muulize siku aliyokosa alifanya nini saa ile ile, na kama hana siku hiyo, ama hajafanya kazi au anakuficha. Tazama anamsalimu nani kwanza. Akikuuliza maswali usione kiburi, huyo ameshaanza kazi. Mpe siku ya kupumzika, kwa sababu mikono iliyochoka huangusha. Siku moja kila wiki mwogeshe mzazi wako wewe mwenyewe, uujue mwili wake, ili ukibadilika ujue bila kuambiwa. Mila ziheshimu, zimetulea, lakini ukisikia kishindo vuta pazia, maana mila yetu haikuwekwa ili mtu afie nyuma yake. Na kabla hujamchunguza mgeni, chunguza uso wako. Je, mtu akivunja kitu anaweza kukuletea vipande? Kama hawezi, hata ukimpata malaika utamfundisha kuficha.

Akinyi alinisikiliza, akainama kama baba yake. Asubuhi hii amempigia tena mtu yule, nimesikia. Amemwambia, "Dada, akianguka, nipigie. Sitakufanya chochote. Nipigie tu." Sauti yake ilitetemeka, na safari hii sikufurahi kama nilivyofurahi kwa Lilian, nililia.

Mungu akujalie wazazi wako wazeeke mbele ya macho yako. Akuletee mtu mwenye mikono ya huruma na ulimi usioficha. Na wewe mwenyewe, mwanangu, akupe uso ambao mtu anaweza kuujia na habari mbaya bila kutetemeka, mpaka siku yako nawe ya kubebwa ifike.